Sura ya Saba Iliyofungiwa Karanga

Mususa, Butembo, mwezi wa tano 2001

Mpendwa Mama Berthe, mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako, na naomba unisamehe mapema kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri, kwa kuwa sijui kama ni dhambi au ni ujinga tu: michezo yangu yote ni mchezo mmoja.

Mimi ni msichana wa sekondari, napenda kusoma, na sauti yangu ni ndogo hivi kwamba mwalimu wa Kifaransa huacha ubao na kuja kusimama karibu na dawati langu ili anisikie. Tonton Paulin, kaka ya mama yangu, ana secrétariat hapa Mususa, yaani chumba kimoja chenye meza, kompyuta iliyotoka Dubai kwa njia ya Uganda, na groupe, yaani jenereta ya umeme, nje ambayo ikinguruma majirani wote wanajua kwamba kuna mtu anaoa au kuna mtu anatafuta ordre de mission, karatasi ya ruhusa ya safari ya kazi. Nikitoka shule namsaidia kupiga barua, na wateja wakiisha, kama essence, yaani petroli, ingalipo kidogo katika groupe, ananiacha nikae kwenye mashine, anasema ni ili vidole visisahau. Hapo ndipo ninapotengeneza michezo.

Hakuna aliyenifundisha. Pamoja na ile kompyuta kulikuja kitabu cha Kifaransa cha kujifunza BASIC, ambayo ndiyo lugha ya kuipa mashine amri, na kitabu hicho hakina jalada na kina sura sita, ingawa ukurasa wa mwanzo unasema sura ni kumi na nne. Nilipomuuliza tonton zile nyingine ziko wapi, aliniambia bila kuona haya kwamba wakati vita vilipofunga njia na karatasi ikakosekana mjini, alimpa Mama Kanyere, muuza karanga wa kona yetu, nusu ya nyuma, kwa kuwa nusu ya mbele ilikuwa na picha. Tangu siku hiyo, Mama Berthe, mimi nakula karanga. Nakula karanga hata tumbo likiuma, ninafungua kila karatasi polepole nikitafuta sura ya saba, na nimepata kurasa za hesabu za shule, kurasa za katekisimu, barua ya mapenzi ya mtu wa Lubero ambayo niliirudisha kwa Mama Kanyere kwa sababu haikunihusu, na mara moja tu ukurasa wa kitabu changu, wa sura ya kumi na moja, wenye mafuta katikati, unaoanza hivi: «kama tulivyokwisha kuona katika sura ya saba». Unaelewa maumivu yangu.

Basi mimi nimesimama kwenye sura ya sita. Sura ya pili ni ya watoto, mashine inakuuliza jina lako, inangoja uandike, halafu inakusalimu, ile niliipita haraka. Sura ya nne inafundisha mashine kutafuta neno moja ndani ya sentensi ndefu, sikuona faida yake. Lakini sura ya sita ina mpira unaotembea kwenye écran, kioo cha mashine, hadi unagonga ukuta, na hapo ndipo niliposhangaa, nikatengeneza kuku anayegonga ua, nikatengeneza mbuzi anayegonga duka, nikatengeneza pikipiki, mawingu, hata mtawa mmoja ambaye nilimfuta kwa kuogopa. Wenzangu shuleni wananiita Ingénieur. Hakuna anayejua kwamba kuku, mbuzi na mtawa wote ni ule mpira wa sura ya sita, nimebadilisha herufi tu, na kila mara nikifika mahali ambapo ningepaswa kufanya jambo nisilolijua, naacha mchezo huo na kuanza mwingine, na wakati wa kuanza nina furaha sana.

Sasa mchezo wa mwisho ndio ulionileta kwako. Kuna baiskeli, nimeichora kwa o mbili na mstari, imebeba ndizi kutoka Beni kuja Butembo. Njiani kuna barrière, kizuizi cha barabarani, nimekichora kwa mstari mrefu wa alama. Mbele ya barrière kuna askari, ambaye ni herufi S yenye kistari kama bunduki, anatembea kulia na kushoto bila kusema kitu, na akifika mwisho wa mstari, kuna nafasi, unabonyeza ile touche kubwa ya chini, baiskeli inapita mbio, umeshinda. Ni rahisi. Mimi nashinda kila mara.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa binamu yangu Précieux, ambaye ni mtu wa fujo hata kanisani. Alishika baiskeli vizuri, akaleta hadi barrière, akasimama. S ikaenda kulia, ikarudi, ikaenda tena. Précieux akakunja mikono.

«Unangojea nini?» nikamuuliza.

«Nangojea aseme.»

«Nani?»

«Soda,» akasema, akimwonyesha askari kwa kidevu.

«Haiko soda, iko lettre S.»

«Mais iko na bunduki. Mutu hapiti barrière kama hajaitwa. Wee unataka banipige masasi juu ya ndizi yako?»

Nikadhani ni utani wake. Kesho yake alikuja tantine Jokébed, dada ya mama, ambaye anauza ndizi na kila juma yuko juu ya lori kati ya Beni na hapa. Nikamwomba acheze. Alifika barrière, akatoa mikono yake miwili kwenye clavier, ule ubao wa herufi, akaiweka juu ya mapaja mahali inapoonekana, akatazama chini.

«Tantine, kanda hapa, hii kubwa,» nikamwambia, nikimwonyesha mahali pa kubonyeza.

«Nimemuona,» akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweza kusikiwa na askari. «Na yeye anione kwanza.»

Wa tatu alikuwa tonton Paulin mwenyewe, mtu aliyesoma, mwenye mashine. Alisimama mbele ya S mpaka groupe ikaanza kukohoa, halafu akaniuliza, «Chef wake iko wapi? Huyu ni mudogo, hapana decider kitu.» Nikamwambia hakuna chef, tonton, pita tu. Akaniangalia kama vile nimemwambia aibe.

Na hapo likazuka tatizo lenyewe. Tonton anataka kufungua secrétariat nyingine huko Beni, commune ya Beu, kwa sababu anasema bureaux za serikali kule zina kazi nyingi, na kompyuta ni moja. Alisimama mlangoni akasema hivi: mwezi ujao kuna kermesse, ile sikukuu ya michezo ya shule yako, tutapeleka ordinateur na groupe, kila mtu atachezea mchezo wako, «na kama batu banasimama tu pale sawa sisi, ordinateur inaenda Beu, na wee utabaki na kitabu yako.» Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Mama Berthe, bila mashine ile mimi ni msichana mwenye sauti ndogo basi. Niambie nifanye nini. Niendelee kutafuta sura ya saba, maana Mama Kanyere anasema bado ana furushi moja la karatasi ambalo hajalifungua? Niache baiskeli nianze mchezo mwingine usio na barrière, nina wazo zuri sana la samaki? Au niseme ukweli tu kwamba watu wa kwetu si watu wa michezo, wanaogopa herufi, na mtu hawezi kupita hatua ya mwanafunzi wa mwanzo akizungukwa na watu wa namna hiyo? Usiseme jina langu kwenye redio. Niite

Mwenye Sura Sita

*

Mama Berthe anajibu

Binti yangu Mwenye Sura Sita, acha karanga.

Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ya tumbo lako, na pili kwa sababu unazitumia vibaya. Mtu akitafuta elimu ndani ya karanga kwa muda mrefu namna hiyo, ni kwamba haogopi kutoipata. Anaogopa kuipata, kwa sababu siku hiyo itabidi afanye kazi.

Mimi sijui kompyuta. Ile ya hapa studio nimekatazwa kuigusa, na ninashukuru. Lakini njia ya Beni ninaijua, na watu ninawajua kidogo, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo.

Umewaweka watu watatu mbele ya kitu kimoja, mmoja wa fujo, mmoja wa soko, mmoja wa maandishi. Wote watatu wamefanya jambo moja. Nawe umekaa ukaandika kurasa nzima kunieleza kwamba wote watatu wamekosea. Mwalimu wako wa hesabu angesemaje? Mwanangu, hawakuogopa herufi. Waliisoma kuliko wewe uliyeiandika. Umechora barrière, umeweka askari, umempa bunduki, na watu wa njia hii wakafanya yale ambayo yamewafikisha nyumbani wakiwa wazima miaka yote hii. Tantine wako akakuambia, «Nimemuona, na yeye anione.» Maneno machache tu, na mafunzo yote ya njia ile yako ndani yake. Ukamwambia akande touche kubwa.

Yule aliyeandika kitabu chako namheshimu. Lakini nadhani anakaa mahali ambapo mpira ukigonga ukuta unarudi, na habari imekwisha. Kwetu ukuta una mtu, mtu ana njaa, na njaa inapenda mazungumzo. Askari wako ana bunduki na hana mdomo. Je, umewahi kukutana na mmoja wa hivyo? Mimi bado, na nimesafiri.

Sasa sikiliza, maana nimesoma barua yako mara mbili. Unasema katika sura ya pili mashine inamuuliza mtu swali, inangoja, mtu anajibu, mashine inasema neno. Unasema ni ya watoto, uliipita mbio. Binti yangu, barrière ni nini kama si hiyo? Umetembea na ufunguo mfukoni ukilia mlangoni, kwa sababu ulitaka ufunguo utoke katika sura ya saba, yenye heshima zaidi.

Unaniuliza namna ya kuacha kuwa mtu wa mwanzo. Wengi wananiuliza hivyo, mafundi cherehani, wachumba, hata mhubiri mmoja. Mtu wa mwanzo si yule mwenye sura chache. Ni yule ambaye kila kitu chake anakishinda yeye mwenyewe peke yake. «Mimi nashinda kila mara,» umeandika. Bila shaka. Anayejipikia husema chumvi inatosha.

Kwa hiyo utafanya hivi. Samaki wako akae majini. Hutaanza mchezo mwingine hata kama ni mzuri, hata kama umeuota usiku. Utamrudia askari wako, utampa mdomo, aulize yale yanayoulizwa. Utamkalisha mtu mbele ya mashine, wewe utakaa nyuma yake, mikono yako chini ya mapaja yako, uikalie, na utanyamaza. Mama yako labda anaiombea novena hiyo sauti yako ndogo. Kwa kazi hii ni kipaji, usiiponye bado. Mtu akikosea, usimsaidie. Tazama amekosea wapi, kwa maana hapo ndipo palipo kazi yako ya kesho.

Mwambie tonton wako habari ya kuku na mbuzi kabla ya kermesse. Mtu anayeweka mashine yake rehani kwa ajili yako anastahili kujua anaiwekea nini.

Na neno la mwisho, hili ninalisema bila kucheka. S ibaki S. Usimpe jina la jeshi, wala kofia ya béret ya rangi, wala kabila, wala lafudhi. Majeshi yetu hubadilisha majina kuliko wewe unavyobadilisha mbuzi, na kwenye kermesse huja kila mtu.

Fanya, halafu uniandikie ulichofanya. Usiniandikie unachowaza kufanya. Hicho nimekwisha kukisoma.

Mama Berthe

*

Mususa, mwezi wa saba

Mpendwa Mama Berthe,

Nimefanya.

Nilimwambia tonton Paulin kwamba michezo yote ni mmoja. Alikuwa anasafisha bougie ya groupe, hakuinua kichwa. «Nilijua,» akasema. «Mbuzi yako ilikuwa inatembea sawa kuku.» Nikasimama pale nikiwa sina siri tena, ni hali ya ajabu kidogo, halafu nikaenda kufungua mashine.

Nilimpa askari mdomo. Ilichukua muda mfupi, nakiri, sura ya pili ni rahisi kweli. Baiskeli ikifika barrière sasa S inasimama, na chini ya écran inaandika: Unatoka wapi? Mtu akijibu, inaandika: Unabeba nini? Lakini hapo nilikwama tena, maana sikujua askari amruhusu nani na amrudishe nani. Nikamuuliza tantine Jokébed mtu akifika barrière anasema nini ili apite. Akafikiri. «Inategemea,» akasema.

Kwa hiyo nilimkalisha, nikakalia mikono yangu. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja, kwamba anatoka Beni, chef, anabeba ndizi kidogo tu, chef, za mgonjwa. Précieux akaandika kwamba hana kitu, chef, ndizi si zake. Tonton akaandika sentensi ndefu ya Kifaransa kizuri, imetulia kama barua ya gouverneur, na mwisho wake, baada ya nukta, neno moja peke yake: chef. Hawakuwa wameambiana. Niliwatazama wote watatu nikarudi kwenye sura ya nne, ile ya kutafuta neno ndani ya sentensi ndefu. Askari wangu sasa anatafuta neno hilo moja. Akilipata, anasogea. Asipolipata, anaandika: Rudi Beni. Na baiskeli inarudi mwanzo.

Siku ile ile Mama Kanyere alikuwa amefungua furushi lake la mwisho. Aliniita, akanipa karanga bure, akisema, «Kamata, iko ile kitabu yako.» Ilikuwa kweli. Juu ya ukurasa kuliandikwa kwa herufi kubwa Sura ya Saba, na chini yake: mpira na kuta mbili. Nilisoma hadi mwisho ili niwe na hakika. Halafu nilikula karanga.

Kermesse ilifanyika katika darasa letu. Groupe ilinguruma nje ya dirisha, watu wakapanga mstari hadi kwenye veranda, nami nikakaa nyuma ya kiti juu ya mikono yangu kama ulivyosema. Hakuna aliyesimama kama mti. Wote walizungumza na askari. Mchungaji mmoja rafiki ya tantine alimweleza habari za mama mkwe wake kwa mistari mingi, watu nyuma yake wakimshauri aongeze ugonjwa. Wote walipita. Nilifurahi, halafu nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu Précieux aliniinamia akasema, «Mais iko facile. Hakuna mutu anarudi Beni.»

Hapo ndipo aliingia askari wa kweli. Sitasema wa jeshi gani, ulinionya. Aliingia akiwa na bunduki begani, watu wa mstari wakagundua wote kwa mara moja kwamba hawana haraka, na akajikuta wa kwanza. Aliweka bunduki juu ya dawati la Nadège, anayekaa mbele yangu darasani, akakaa kwenye kiti. Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yake, ilikuwa ya kijana, si mkubwa sana kuliko Précieux.

Alileta baiskeli hadi barrière, na S ikasimama mbele yake. Unatoka wapi? Akaandika: Beni. Unabeba nini? Hapo alikaa kidogo, kama mtu ambaye swali hilo alilijua kwa upande mwingine tu. Akaandika: vyangu. Rudi Beni. Akarudi, akaendesha tena, akaandika: hakuna kitu. Rudi Beni. Mara ya tatu akaandika: niache nipite. Rudi Beni.

Watu wote nyuma yake walilijua lile neno, Mama Berthe, na wote walikuwa wanatazama dari, ambayo haina kitu. Tonton alikuwa mlangoni, mkono wake ukienda kwenye waya wa umeme auchomoe. Alinitazama. Mimi, ambaye sijawahi kumkataza mtu mzima kitu chochote, nilitikisa kichwa kumwambia hapana. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona mtu huyu amekosea wapi.

Askari akageuka kwenye kiti.

«Hawa bote balipita?»

Akatazama mstari wote hadi veranda.

«Balipita namna gani?»

Tantine Jokébed alisogea mbele, akaweka mikono yake tumboni mahali inapoonekana.

«Iko neno moja tu,» akasema kwa upole. «Useme 'chef', chef.»

Alimtazama tantine. Akatazama ile S. «Mimi nimuite huyu chef?»

«Sisi bote tulimuita.»

Groupe ilinguruma. Aligeuka, akatafuta herufi kwenye clavier kwa kidole kimoja, c, na h, na zile nyingine. S ikasogea. Baiskeli ikapita hadi Butembo, na mashine ikaandika kwamba umefika nyumbani. Nilidhani atasimama, lakini aliniambia bila kunigeukia, «Tena,» nami nikainama nikairudisha baiskeli mwanzo. Safari hii S ikamuuliza, naye akaandika haraka: mbote chef, natoka Beni, nabeba ndizi kidogo tu, za mgonjwa. Akapita. Hapo akacheka, peke yake, kicheko kifupi, akachukua bunduki yake juu ya dawati na kumwambia Nadège asante. Watu wa veranda walimpisha njia, na alipofika nje, ndipo mstari ukaanza kupumua na kusukumana tena.

Jioni tonton Paulin alikunja waya wa umeme mkononi, akasema kwamba kule Beu ataanza na machine à écrire, mashine yake ya zamani ya kupiga chapa, watu wa bureaux wanapenda kelele yake, inaonyesha kazi inafanyika. Kompyuta itabaki Mususa hadi mwisho wa vacances, likizo ya shule, na baadaye tutazungumza. Alisema hivyo pia kama mtu anayesoma bei, lakini nilisikia bei imeshuka.

Jumatatu nilifungua mashine. Sikuanza mchezo mwingine. Niliweka barrière ya pili baada ya ile ya kwanza, karibu na kuingia mjini, ambapo neno chef halitoshi. Bado sijui neno gani litatosha. Nilimwita tantine Jokébed, nikamkalisha mbele ya clavier, nikakaa nyuma yake juu ya mikono yangu. Alipita ile ya kwanza, akafika ya pili, akasoma swali, na sasa anafikiri. Mimi nimenyamaza.

Mwenye Sura Sita